Brian Jones: Mwasisi wa Rolling Stones Aliyeondolewa Katika Kundi Lake

Watu wengi wanapolitaja kundi la Rolling Stones la Uingereza, majina yanayowajia upesi ni ya Mick Jagger, mwimbaji, na Keith Richards, mpiga gitaa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kundi hilo halikuasisiwa na yeyote kati ya hao wawili. Aliyewakusanya wanamuziki, akawapa jina, akawatafutia mahali pa kupigia na kuwaongoza katika miezi yao ya njaa alikuwa kijana mwingine, marehemu Brian Jones. Miaka saba baada ya kuliasisi kundi hilo, aliondolewa. Hata mwezi mmoja haukutimia baada ya kuondolewa kwake, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 27.

Kifo chake kimeandikiwa vitabu vingi. Maisha yake, hata hivyo, yana funzo kubwa zaidi kuliko kifo chake, maana yanafichua jambo ambalo mpenzi wa muziki halioni anapoiweka santuri juu ya gramafoni: nani hasa mwenye mali katika kundi la wanamuziki? Je, ni yule aliyelianzisha, yule anayezipamba nyimbo kwa ala, au yule ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye mtunzi?

MTOTO WA CHELTENHAM

Lewis Brian Hopkin Jones alizaliwa tarehe 28 Februari, 1942, katika mji wa Cheltenham, magharibi ya Uingereza, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia vimepamba moto. Baba yake alikuwa mhandisi katika kazi za ndege, na kanisani alikuwa akipiga kinanda. Mama yake alikuwa mwalimu wa piano. Hivyo muziki ulikuwamo nyumbani mwao tangu utotoni mwake. Huzuni nayo ilikuwamo: mwaka 1945 ndugu yake mdogo wa kike alifariki kwa saratani ya damu, na Brian mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na pumu, maradhi ambayo hayakumwacha maisha yake yote.

Shuleni alikuwa mwanafunzi mwenye akili, aliyefaulu mitihani bila ya jasho jingi, lakini hakupenda kuamrishwa. Alijifunza piano kwa mama yake, kisha akapiga klarineti katika bendi ya shule. Aliposikia santuri za Charlie Parker, bingwa wa jazi wa Marekani, alishika saksafoni. Alipotimiza miaka 17 wazazi wake walimpa gitaa. Ilikuwa desturi yake kuichukua ala ngeni na kuikalia kwa muda, na kabla watu hawajajua anafanya nini, akaanza kutoa muziki unaosikilizika. Kipaji hicho ndicho kilichompandisha, na baadaye, kwa namna ya ajabu, ndicho kilichomficha.

Pamoja na kipaji, alikuwa na tabia ya kutojali. Alipokuwa angali mwanafunzi alimpa mimba msichana mmoja, jambo lililoleta fedheha kubwa katika mji ule mtulivu. Baadaye alizaa na wanawake wengine kadhaa, wala hakuwalea watoto hao. Aliacha masomo, akafanya kazi ndogo ndogo, na fedha alizopata akazitumia kununua santuri za muziki wa bluzi, yaani muziki wa huzuni na matumaini uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa Kusini.

TANGAZO GAZETINI

Siku zile vijana wa Kiingereza waliopenda bluzi walikuwa wachache, nao walijuana. Mkubwa wao alikuwa Alexis Korner, ambaye mwezi Machi, 1962 alifungua klabu katika mtaa wa Ealing, London. Brian alifunga safari kutoka Cheltenham kwenda kupiga pamoja naye. Alijiita Elmo Lewis, na alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kuumudu mtindo wa kutelezesha bomba dogo la chuma au kioo juu ya nyuzi za gitaa, kama alivyofanya Elmore James wa Mississippi. Mwezi Aprili vijana wawili kutoka Dartford walifika klabuni hapo wakamsikia. Vijana hao walikuwa Mick Jagger na Keith Richards, nao walistaajabu.

Mwezi Mei Brian alitoa tangazo katika gazeti la Jazz News akitafuta wanamuziki wa kuunda kundi. Wa kwanza kuitikia alikuwa Ian Stewart, mpiga piano hodari. Jagger na Richards wakafuata. Kundi lilipopata nafasi ya kupiga katika klabu ya Marquee, lilihitaji jina, na wenzake wamesimulia kwamba Brian alilitoa papo hapo kutokana na wimbo wa Muddy Waters uliokuwa katika santuri iliyolala sakafuni. Tarehe 12 Julai, 1962, kundi likapanda jukwaani kwa mara ya kwanza chini ya jina hilo. Bill Wyman, mpiga gitaa la besi, aliingia mwezi Desemba, na Charlie Watts, mpiga ngoma, mwezi Januari, 1963.

Brian, Jagger na Richards walikaa pamoja katika chumba kibovu huko Edith Grove, Chelsea. Baridi ilikuwa kali na chakula kilikuwa haba. Jagger alikuwa bado akienda chuoni, lakini Brian na Richards walishinda ndani na magitaa yao mchana kutwa. Walijifunza kuyasuka magitaa mawili hata msikilizaji asijue lipi linaongoza na lipi linafuata. Mtindo huo ukawa nguzo ya muziki wa Rolling Stones. Brian ndiye aliyekuwa akiandika barua, akipiga simu, na kujadiliana na wenye vilabu. Kwa kila hali, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi.

MPASUKO WA KWANZA

Mwaka 1963 alitokea Andrew Oldham, kijana wa miaka 19 mwenye akili ya biashara, akawa meneja wa kundi akishirikiana na Eric Easton. Mabadiliko yalikuja upesi. Ian Stewart aliambiwa kwamba sura yake haifai kwa picha za magazeti. Akatolewa katika orodha ya kundi, ingawa aliendelea kuwapigia piano na kuwabebea vyombo hadi alipofariki mwaka 1985. Brian, aliyekuwa kiongozi, hakumtetea. Tena ikagundulika kwamba alikuwa amejipatia kwa siri paundi tano zaidi kwa wiki kuliko wenzake. Fedha hizo zilikuwa chache, lakini zilinunua chuki ya miaka mingi. Kiongozi akionekana kujipunjia sehemu yake gizani, hata haki anayostahili mchana huonekana ni wizi.

Jambo lililokuwa zito zaidi lilikuwa la utunzi. Mwanzoni kundi lilipiga nyimbo za wengine, hasa za Wamarekani Weusi. Zile chache walizozibuni kwa pamoja ziliandikwa kwa jina la kubuni, Nanker Phelge, na malipo yake yakagawanywa miongoni mwa wote. Lakini Oldham aliona mbali. Alitambua kwamba kundi lisilotunga nyimbo zake litakwisha pindi nyimbo za kuazima zitakapokwisha, na kwamba mrabaha wa utunzi ndio unaoendelea kuingia hata baada ya wapigaji kulala. Akawashurutisha Jagger na Richards wakae chini watunge.

Hapa yafaa tueleze namna fedha za muziki zinavyogawanywa. Santuri inapouzwa, kuna malipo ya wapigaji, ambayo kundi lote hugawana. Malipo ya pili ni ya watunzi, nayo huwaendea wale tu walioandikwa kuwa wametunga maneno na mahadhi. Anayebuni pambo la gitaa au filimbi, hata kama pambo hilo ndilo linalomfanya msikilizaji autambue wimbo mara tu unapoanza, hahesabiwi kuwa mtunzi isipokuwa wenzake wakubali kuliandika jina lake. Mwezi Februari, 1965, wimbo wa The Last Time, uliotungwa na Jagger na Richards, ulitolewa na kushika nafasi ya kwanza Uingereza. Miezi michache baadaye wimbo wa Satisfaction ukafanya vivyo hivyo Marekani na duniani kote. Tangu siku hizo, mamlaka ndani ya kundi yalihama. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Brian aliyaona hayo, akaumia. Alikuwa amelianzisha kundi ili lipige bluzi, na ushindi aliojivunia zaidi ulikuwa wa mwezi Desemba, 1964, pale wimbo wa Little Red Rooster, uliotungwa na Willie Dixon, uliposhika nafasi ya kwanza Uingereza huku gitaa lake la kutelezesha likilia kama kuku wa alfajiri. Mwezi Mei, 1965, kundi lilipoalikwa katika kipindi cha televisheni huko Marekani kiitwacho Shindig, vijana hao walitaka Howlin' Wolf, mzee wa bluzi, naye aonyeshwe. Brian alizungumza juu yake kwa heshima mbele ya watazamaji, kisha akakaa miguuni pake pamoja na wenzake. Kwa Wamarekani wengi Weupe hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanamuziki huyo mkubwa wa nchi yao wenyewe.

MAPAMBO YASIYO NA JINA

Kwa kuwa hakuwa akitunga, Brian alijitafutia nafasi nyingine. Katika santuri ndefu ya Aftermath ya mwaka 1966, ambayo ilikuwa ya kwanza yenye nyimbo za Jagger na Richards peke yao, ni vigumu kuusikia wimbo wowote maarufu bila ya kuusikia mkono wake. Katika Under My Thumb alipiga marimba, na bila ya marimba hizo wimbo huo ungebaki mifupa mitupu. Katika Lady Jane alipiga dalsima, ala ya nyuzi ya kizamani. Katika Paint It Black, iliyotolewa mwaka huo huo, alipiga sitari ya Kihindi, na sauti yake ndiyo iliyoutambulisha wimbo huo ulimwenguni.

Mwezi Januari, 1967 ukatolewa wimbo wa Ruby Tuesday. Filimbi inayozunguka maneno yake, nyororo na yenye majonzi, ni ya Brian. Hati zinasema watunzi ni Jagger na Richards. Jagger mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba hakutunga maneno wala mahadhi ya wimbo huo. Richards ameeleza kuwa ni wake. Wengine waliokuwa karibu na kundi wakati ule, akiwamo mwimbaji Marianne Faithfull, wamesema kwamba Brian alichangia katika mahadhi yenyewe. Ukweli wowote uwao, jina la mwenye filimbi halimo.

Je, alidhulumiwa? Jibu si jepesi. Richards na Jagger wameeleza mara nyingi kwamba Brian hakuwahi kuleta wimbo uliokamilika. Alikuwa na woga wa kuonyesha kazi yake, na waliomjua wamesema hakuwa tayari kukubali kukosolewa. Kwa upande mwingine, mwaka 1967 alitunga peke yake muziki wote wa filamu ya Kijerumani ya Mord und Totschlag, iliyoongozwa na Volker Schlöndorff, akapiga mwenyewe ala nyingi zilizomo. Mtu aliyeweza kuifanya kazi hiyo hakukosa uwezo wa kutunga. Alichokosa ni mazingira ya kumtia moyo ndani ya kundi lake, na uvumilivu wa kuyatafuta. Bill Wyman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza kwa kirefu kwamba mchango wa Brian ulipuuzwa. Wala hakuficha kwamba Brian alikuwa mtu mgumu wa kuishi naye.

MWAKA WA MISUKOSUKO

Mwaka 1967 ulimvunja. Mchumba wake, Anita Pallenberg, mwigizaji wa filamu ile, alikuwa akipigwa na Brian mara kwa mara. Walipokuwa safarini Morocco mwezi Machi, alimwacha akaondoka na Keith Richards. Magitaa mawili yaliyosukwa kule Edith Grove yakafumuka. Wawili hao walilazimika kuendelea kupanda jukwaa moja, mmoja akimtazama mwenzake aliyemchukulia mwanamke, na mwingine akijiambia kwamba alimwokoa mwanamke huyo na mateso.

Mwezi Mei polisi walimkamata kwa kosa la madawa ya kulevya. Ilikuwa siku ile ile ambayo Jagger na Richards walifikishwa mahakamani kwa kosa kama hilo. Mwezi Oktoba Brian alihukumiwa kifungo cha miezi tisa. Alikata rufaa, na mwezi Desemba adhabu ikageuzwa kuwa faini ya paundi 1,000 na kuwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Mwezi Mei, 1968 alikamatwa tena, akatozwa faini ndogo. Jagger na Richards walitoka katika kesi zao wakiwa imara zaidi. Brian, aliyekuwa na mwili dhaifu na moyo mwepesi, alitoka akiwa amevunjika. Akazidisha pombe na vidonge, na studio akawa anafika kwa kuchelewa, au anafika asiweze kupiga, au hafiki kabisa.

Hata hivyo mara mbili zaidi ule moto wa zamani uliwaka. Katika wimbo wa No Expectations, uliomo katika santuri ya Beggars Banquet ya mwaka 1968, alitelezesha gitaa kwa upole ambao wenzake walikiri kuwa hawakuutarajia tena. Na mwaka huo huo alisafiri hadi kijiji cha Joujouka, katika milima ya kaskazini ya Morocco, pamoja na mhandisi wa sauti, akarekodi muziki wa wenyeji. Ni muziki wa nzumari nyingi zinazolia kwa pamoja juu ya ngoma, urithi wa ukoo ulioshikwa vizazi kwa vizazi. Brian alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa roki waliokwenda Afrika kuufuata muziki mahali ulipozaliwa. Aliufanyia kazi ya kinasa sauti huko London, akiuchanganya na kuupa mwangwi, lakini hakuishi kuuona ukitolewa.

NYUMBA YA SUSSEX

Mwishoni mwa mwaka 1968 alinunua nyumba ya shamba ya Cotchford, huko Sussex, ambayo zamani ilikuwa ya A. A. Milne, mwandishi mashuhuri wa hadithi za watoto. Katika santuri iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo, Let It Bleed, Brian anasikika katika nyimbo mbili tu, na katika zote mbili sehemu yake ni ndogo. Kundi lilitaka kwenda kupiga Marekani baada ya miaka mitatu ya kutokwenda, na hukumu zake za madawa zilitia shaka kama angepewa ruhusa ya kuingia nchini humo. Bila shaka sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na pia ilikuwa kisingizio kizuri.

Tarehe 8 Juni, 1969, Jagger, Richards na Watts walikwenda Cotchford kumweleza kwamba kundi litaendelea bila yeye. Wamesimulia kuwa hakupinga. Ilitangazwa kwamba ameondoka kwa hiari kwa sababu ya kutokubaliana juu ya mwelekeo wa muziki, na nafasi yake ikachukuliwa na Mick Taylor, kijana wa miaka 20. Hivyo mwenye kuita watu kwa tangazo la gazeti aliagwa na watu wale wale aliowaita.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Julai, Brian alikutwa chini ya maji ya bwawa lake la kuogelea. Uchunguzi wa serikali uliamua kwamba alizama kwa ajali akiwa amekunywa pombe na kutumia madawa. Moyo na ini lake vilikutwa vimevimba. Tangu siku ile uvumi wa kwamba aliuawa haujakoma. Polisi wa Sussex walilipitia upya jambo hilo mwaka 2009, na mwaka uliofuata wakatangaza kwamba hakuna ushahidi mpya wa kuufanya uamuzi wa awali ubadilishwe.

Kundi lilikuwa limekwisha panga onyesho la bure katika bustani ya Hyde Park tarehe 5 Julai, ili kumtambulisha Taylor. Onyesho likageuzwa kuwa la kumbukumbu. Mbele ya umati mkubwa mno, Jagger alisoma beti za maombolezo za mshairi Shelley, na vipepeo wengi weupe wakaachiliwa, ingawa wengi wao walikuwa wamekufa kwa joto ndani ya masanduku. Tarehe 10 Julai Brian alizikwa Cheltenham, katika mji ule ule alioukimbia. Watts na Wyman walihudhuria. Jagger alikuwa Australia kucheza filamu.

KILICHOBAKI

Santuri ya Joujouka ilitolewa mwaka 1971 na kampuni ya kundi lenyewe, ikiwa na jina la Brian juu yake. Hiyo ndiyo santuri pekee ya Rolling Stones au ya jamaa zao ambayo jina lake linatangulia mengine yote, na la kushangaza ni kwamba ndani yake yeye hapigi ala hata moja. Mwaka 1989 Jagger na Richards walikwenda Tangier kurekodi wimbo pamoja na wapiga nzumari wa kijiji hicho, wakaifuata njia aliyoipasua mwenzao miaka 21 kabla. Mwaka huo huo kundi lilipoingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa roki huko Marekani, jina la Brian Jones na la Ian Stewart yaliorodheshwa pamoja na ya wengine.

Kundi liliendelea kupiga kwa zaidi ya nusu karne baada yake, na lisingeweza kudumu hivyo bila ya nyimbo za Jagger na Richards. Hilo haliwezi kukanwa. Haliwezi kukanwa vile vile kwamba nyimbo zao nyingi zilizopendwa mwaka 1966 na 1967 zinatambulikana kwa marimba, sitari na filimbi ambazo hawakuzipiga wao. Mkataba wa santuri una nafasi ya mwenye maneno na mwenye mahadhi. Hauna nafasi ya mwenye kuipa nyumba rangi, wala ya aliyechimba msingi. Brian Jones alifanya kazi hizo mbili zisizoandikwa, akaishi vibaya, akawaumiza wengi, na hakupata subira ya kujifunza ile kazi ya tatu inayoandikwa. Kila mara marimba zile zinapoanza kulia, kabla Jagger hajafungua kinywa, mwenye kundi wa kwanza huwa amekwisha sema lake.